Jina na Mwenye Jina: Tahakiki ya Hadithi ya Picha "Moon Girl and Devil Dinosaur"

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza kazi moja ya fasihi ya picha iliyotungwa kwa ajili ya watoto wa Marekani. Kazi hiyo ni "Moon Girl and Devil Dinosaur", iliyotolewa na kampuni ya Marvel kuanzia Novemba 2015 hadi mwaka 2019, jumla ya matoleo 47. Huenda msomaji akauliza: wanafunzi wa Kiswahili wana haja gani na kisa cha mtoto wa New York na mnyama wa kale? Jibu letu ni la kiisimu. Kisa hiki, kikisomwa kwa makini, ni kisa cha majina. Kinauliza ni nani humpa mtu jina, jina hilo humfanyia nini maishani, na mwenye jina ana haki gani juu yake. Tena, hakuna kipimo kizuri cha jina kuliko kujaribu kulihamisha kutoka lugha moja hadi nyingine. Ndiyo maana tutafuata njia ya mfasiri. Tutachukua majina manne ambayo kisa chote kimesimama juu yake, tutajaribu kuyavika Kiswahili, na tutatazama Kiswahili kinafunua nini na kinaficha nini.

Dai letu ni hili. Kazi hii inafikia kilele cha sanaa yake pale ambapo mtoto analikataa jina alilopewa, au analigeuza kuwa lake. Inapungua nguvu pale ambapo watunzi wenyewe wanampa jina kubwa na kulidhania kuwa zawadi.

2. Chimbuko la kisa

Dinosaria wa kisa hiki ni mkongwe kuliko msichana. Alibuniwa na mchoraji Jack Kirby (1917-1994) mwaka 1978, katika mfululizo uliodumu matoleo 9 tu. Katika mfululizo ule, kabila la watu wakali waitwao Killer-Folk linamkamata dinosaria mchanga na kumchoma kwa mienge. Ngozi yake inageuka nyekundu. Anayemwokoa ni kijana mwenye manyoya, Moon-Boy, na tangu siku ile wawili hao hawaachani.

Mwaka 2015 waandishi Amy Reeder na Brandon Montclare walimtoa mnyama huyo katika bonde lake la kale wakamleta mjini. Michoro ilikuwa ya Natacha Bustos, msanii wa Uhispania, na rangi za Tamra Bonvillain. Baadaye Montclare aliendelea kuandika peke yake. Msichana wao, Lunella Lafayette, ana umri wa miaka 9. Ni Mmarekani mweusi, anakaa mtaa wa Lower East Side katika jiji la New York, na anasoma shule ya umma ya mtaani. Anaunda mashine kwa vyuma vilivyotupwa. Darasani anachoka, kwa kuwa anayofundishwa alikwisha kuyajua.

Lakini mtoto huyu ana hofu moja kubwa. Amegundua kwamba katika damu yake mna urithi wa Inhumans, jamii ya viumbe iliyobuniwa na Stan Lee na Kirby huyo huyo mwaka 1965. Katika visa vya Marvel vya miaka ile, wingu la ukungu uitwao Terrigen linazunguka duniani. Likimgusa mwenye urithi huo, linamfunga ndani ya kifuko, na akitoka humo amekuwa kiumbe kingine. Lunella hataki kugeuzwa. Anatafuta chombo cha jamii ya Kree kitakachomwezesha kuzuia mageuzi hayo, naye anakipata. Chombo hicho kinafungua mlango wa nyakati, na katika mlango huo wanapita Killer-Folk, kisha dinosaria mwekundu anayewafukuza ili kulipiza kisasi cha Moon-Boy.

Tuzingatie jambo moja kabla ya kuendelea. Chombo kile kina majina mawili. Lunella anakitaja kwa jina la kitaalamu, kama kifaa cha kurusha mawimbi; Killer-Folk wanakiita Jiwe la Usiku na kukiabudu. Kitu ni kile kile, lakini kila jina linabeba ulimwengu wake. Kwa mwanafunzi wa semantiki huu ni mfano wa kufundishia, na watunzi wameutia ndani ya kisa cha watoto pasipo mhusika yeyote kutoa somo.

3. Jina la kwanza: Msichana wa Mwezi

"Moon Girl" halikuwa jina la shujaa. Lilikuwa jina la kejeli. Wenzake darasani wanamwita hivyo kwa sababu mawazo yake yako mbali, hayupo pamoja nao. Jina rasmi Lunella nalo linabeba mwezi ndani yake, kwa kuwa limejengwa juu ya neno la Kilatini lenye maana hiyo. Watoto wamechukua kitu kilichomo tayari katika jina la mwenzao, wakakinoa na kumchomea nacho.

Tukitafsiri jina hilo kuwa "Msichana wa Mwezi", kejeli inapotea. Kwa Waswahili mwezi haumaanishi upumbazi. Mwezi ni uzuri, na kumlinganisha msichana na mwezi ni kumsifu. Mfasiri asiye makini atageuza tusi kuwa sifa, na msomaji wake hataelewa ni kwa nini mtoto huyu anakunja uso kila aitwapo.

Walakini, Kiswahili kinarudisha kwa mkono wa pili zaidi ya kile kilichochukua. Neno "mwezi" katika lugha yetu lina maana tatu. Ni nuru ya usiku, ni muda wa siku thelathini hivi, na ni siku za mwanamke: husemwa kwamba fulani ameingia mwezini. Sasa tukitazame kisa upya. Msichana wa miaka 9 anajua kwamba mwili wake utageuka. Hajui ni lini, wala hajui atakuwa nani baadaye. Wakubwa hawasemi naye juu ya jambo hilo. Anaogopa, anahesabu, anatafuta dawa ya kuzuia. Toleo la Kiingereza linayasema haya yote kwa lugha ya mawingu na vifuko, na msomaji anaweza kufika mwisho asifahamu kwamba amesoma kisa cha mtoto anayeogopa kuvunja ungo. Katika Kiswahili jina lenyewe lingemnong'oneza. Hatudai kwamba watunzi walikusudia hivyo. Tunadai kwamba maana hiyo imo katika mpangilio wa kisa, na kwamba lugha yetu ina uwezo wa kuiona.

Usomaji huu unatusaidia kulielewa toleo la 6, ambamo ukungu unamfikia Lunella licha ya maarifa yake yote. Wahakiki wanaodai kila kisa cha shujaa kiishe kwa ushindi wataliona tukio hili kuwa kushindwa kwa akili. Sisi tunaliona kuwa ukweli wa kisa. Kuna mageuzi ambayo akili hairuhusiwi kuyazuia. Inaruhusiwa tu kuyapokea na kuuliza: sasa mimi ni nani?

Upo mfano mwingine wa jina hili unaostahili kutajwa. Katika matoleo ya 19 hadi 24, Lunella na mwenzake wanasafiri angani na kukutana na Illa, mwezi hai, binti wa sayari iitwayo Ego. Illa anaitwa "Girl-Moon". Jina limepinduliwa: yule ni msichana aitwaye mwezi, huyu ni mwezi aliye msichana. Mfasiri wa Kiswahili atafurahia fundo hili, kwani nomino "mwezi" kwa kawaida inaleta upatanisho wa u-: mwezi umetoka, mwezi umezama. Hapa italazimika kusema "mwezi amelia", "mwezi amekuwa peke yake". Kiambishi kimoja kidogo kinamtoa Illa katika jumla ya vitu na kumwingiza katika jumla ya wenye nafsi. Hilo hasa ndilo Illa analotamani: atazamwe kama mtoto, si kama ardhi ya kutua.

4. Jina la pili: Shetani

Dinosaria anaitwa Devil, yaani shetani, kwa sababu ya wekundu wake. Wekundu huo, kama tulivyoeleza, ni kovu la moto. Jina hili basi ni jeraha lililogeuzwa kuwa lawama: waliomchoma ndio waliomfanya afanane na jina, halafu dunia ikamwita kwa jina hilo kana kwamba alizaliwa nalo. Anapotokea New York, watu wanaliona umbo, rangi na meno, wanakimbia. Hulk, ambaye wakati huo ni kijana Amadeus Cho, anakuja kumdhibiti kama adui. Lunella mwenyewe, mwanzoni, anamwona kuwa usumbufu tu. Upendo wao haukuanza kwa machozi. Ulijengwa polepole, mnyama akimfuata mtoto na mtoto akimfukuza.

Devil hasemi, ananguruma tu. Huu ni uamuzi mzuri wa kisanaa, na wasomaji wa Kongo wana sababu ya pekee ya kuuthamini. Kisa cha picha kilichoitangaza nchi yetu Ulaya, "Tintin au Congo", kilichochapwa gazetini Brussels mwaka 1930 na 1931, nacho kina shujaa kijana na mnyama wake. Katika kisa kile mbwa anasema Kifaransa safi, na Wakongo wanasema Kifaransa kilichovunjwavunjwa. Lugha ilitolewa kwa mnyama na kunyang'anywa watu. Katika kazi tunayoihakiki hapa, mnyama hapewi lugha ya kuazima, wala kimya chake hakimfanyi kuwa duni. Bustos anampa macho, shingo, namna ya kuinamisha kichwa. Mara nyingi Lunella anajaza ukurasa kwa maneno yake ya haraka, na Devil anajibu kwa kuhama tu kutoka upande mmoja wa picha hadi mwingine. Mtoto ambaye hakupata msikilizaji nyumbani wala shuleni amempata katika kiumbe asiyeweza kumkatiza.

Je, mfasiri aandike "Shetani" katika jalada la kitabu cha watoto? Hapa swali linaacha kuwa la kamusi. Kwa Waswahili wa pwani, shetani ni pia pepo anayempanda mtu kichwani na kusema kwa kinywa chake. Kumbuka sasa uwezo ambao Lunella anaupata akitoka katika kifuko: nafsi yake na nafsi ya Devil zinabadilishana miili, na mwanzoni hutokea pasipo yeye kutaka. Msichana anajikuta ndani ya mwili mkubwa usio na ulimi wa kusemea, na mwili wake mdogo unatenda kama mnyama. Msomaji wa Kiswahili angesema mara moja: mtoto huyu amepandwa na shetani. Jina na tukio vingekutana kwa namna ambayo Kiingereza hakikuitayarisha.

Na katika miji yetu msomaji angeweza kusema neno la hatari zaidi. Mtoto mwenye akili kupita umri wake, anayejifungia peke yake, anayetoka usiku, mwenye rafiki wa kutisha, ndiye hasa mtoto ambaye katika nchi yetu ameweza kuitwa mchawi. Ni wengi waliofukuzwa nyumbani kwa neno hilo moja, tangu miaka ya 1990 hasa. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto imefanya tuhuma hiyo kuwa kosa la jinai. Basi mfasiri anayeweka neno "Shetani" kando ya jina la mtoto hafanyi jambo dogo.

Ziko hoja mbili. Ya kwanza inashauri jina libadilishwe, tumwite mnyama "Mwekundu" au "Moto", ili mzazi asikitupe kitabu kabla ya kukifungua. Hoja hii ni ya busara, na hatuidharau. Hata hivyo tunashika ya pili. Ukiliondoa jina, umeondoa somo. Kisa hiki kinamfundisha mtoto kwamba anayeitwa shetani huenda ni yule aliyechomwa moto, na kwamba kabla ya kumkimbia inafaa kuuliza ni nani aliyeshika mwenge. Mtoto akisoma juu ya mnyama mpole aitwaye "Mwekundu" atafurahi. Akisoma juu ya mnyama aitwaye "Shetani", akamwona akimlinda rafiki yake, atakuwa amepata silaha dhidi ya neno hilo siku atakapolisikia likielekezwa kwa jirani yake. Pengine siku hiyo litaelekezwa kwake mwenyewe.

5. Jina la tatu: asiye mtu

"Inhuman" kwa Kiswahili ni "asiye binadamu", au kwa ufupi zaidi, "si mtu". Ila kwetu "si mtu" si kauli ya kibiolojia. Tukisema "yule si mtu" tunamaanisha hana utu: ametenda ukatili, amekosa huruma. Utu hupimwa kwa matendo. Kwa hiyo jina hili, likiingia Kiswahili, linamwangukia Lunella kama hukumu juu ya kosa ambalo hakulitenda. Nadhani ndivyo yeye mwenyewe anavyolisikia hata katika Kiingereza chake. Anaogopa kupata mkia au pembe, lakini anaogopa zaidi kuondolewa katika hesabu ya watu.

Matoleo ya 7 hadi 12 yanaliendeleza jambo hili kwa ucheshi. Kijana wa Kree, Mel-Varr, anakuja duniani kumkamata Lunella ili apate heshima kwa baba yake, na anajificha darasani kwa jina la bandia, Marvin Ellis. Basi darasa moja lina watoto wawili wasio wa kawaida. Mmoja ameficha asili yake asije akawindwa, mwingine ameificha ili awinde. Wote wawili wanatafuta kitu kile kile, yaani kutambuliwa na wazazi. Sehemu hii ni nyepesi kuliko ile ya kwanza, na mapigano yake yanarudiwarudiwa. Hata hivyo inatimiza kazi yake: inaonyesha kwamba mwindaji na mwindwa wametiwa alama na wakubwa walio mbali nao.

Sarufi yetu ina neno la kusema hapa. Katika Kiswahili, mtu na mnyama hupatanishwa kwa namna moja: msichana anakuja, dinosaria anakuja, wameondoka wote wawili. Lugha haiwatengi. Tafsiri ya Kiswahili ya kazi hii ingekuwa inasema kila ukurasa, katika kila kitenzi, jambo ambalo Lunella anahitaji matoleo mengi kulikubali.

6. Jina la nne: mwenye akili kuliko wote

Tunafika kwenye udhaifu. Katika mfululizo unaoanza na toleo la 13, Lunella anapewa kisanduku cha mtihani kilichobuniwa na mwanasayansi Bruce Banner. Anakifumbua kwa urahisi, na inatangazwa kwamba yeye ndiye mwenye akili kuliko watu wote katika ulimwengu wa Marvel. Mashujaa wakubwa wanafika mmoja baada ya mwingine kumtazama.

Tunafahamu kwa nini wasomaji walishangilia. Katika ulimwengu wa kubuni ambao tangu miaka ya 1960 umewapa wanaume watu wazima kiti cha akili, kumkalisha msichana mweusi wa miaka 9 juu yao ni tendo lenye maana. Mtoto wa kike aliyezoea kuwaona wenye sura kama yake pembeni mwa picha, au asiwaone kabisa, ana haki ya kufurahi.

Hata hivyo mhakiki hana budi kuuliza: jina hili limetoka wapi? Limetoka nje, kama yale mengine. Kipimo ni cha mtu mwingine, kisanduku ni cha mtu mwingine, tangazo ni la wengine. Watoto wa darasani walimwita wa mwezini, wenye ukungu walimwita asiye mtu, na sasa wakubwa wanamwita wa kwanza. Katika majina yale matatu watunzi walituonyesha uzito wake mabegani mwa mtoto. Katika hili la nne wanalipokea wenyewe kwa shangwe, na kwa kurasa nyingi kisa kinageuka kuwa mapokezi ya wageni mashuhuri. Ni kweli kwamba mfululizo huo unamwonyesha Lunella akijifungia katika fahari na kukataa msaada, na kwamba anaonywa juu ya upweke huo. Lakini cheo chenyewe hakihojiwi. Hakuna anayeuliza akili ni nini hata ipangwe kwa namba, wala mtoto wa pili katika orodha hiyo ataishije.

Walimu tunalijua jambo hili. Mwanafunzi aliyetangazwa wa kwanza mbele ya wote mara nyingi hupoteza ruhusa ya kuuliza swali la kijinga, na pasipo swali la kijinga hakuna elimu. Lunella wa toleo la kwanza aliuliza kila kitu. Lunella mwenye cheo anajibu.

7. Hitimisho

Kazi hii ilihamia kwenye televisheni tarehe 10 Februari 2023, katika filamu za katuni za Disney Channel zilizotayarishwa kwa ushirikiano na mwigizaji Laurence Fishburne. Humo Lunella ana miaka 13, ana nyanya na babu, na familia yake ina ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Badiliko kubwa kwetu ni la jina. Katika katuni hizo "Moon Girl" si kejeli tena. Ni jina la mwanasayansi wa zamani ambaye msichana anafuata utafiti wake, na mwishoni mwa msimu wa kwanza inafunuliwa kwamba mwanasayansi huyo ni nyanya yake mwenyewe. Jina limekuwa urithi. Kwa msomaji wa Kiafrika jambo hili ni la kupendeza, kwani kwetu pia mjukuu hubeba jina la nyanya. Ila kuna kilichopotea njiani. Anayerithi jina jema hulipokea. Aliyetupiwa jina baya akalifanya jema amefanya kazi ngumu zaidi. Kwa sababu hiyo tunaendelea kuliona toleo la karatasi, hasa sehemu sita za mwanzo, kuwa kazi bora.

Kwa jumla, tumeona kwamba majina manne ya kisa hiki hayapiti katika Kiswahili bila kutozwa ushuru. "Mwezi" unapoteza kejeli na kupata mwili. "Shetani" anapata uzito ambao unaweza kumdhuru mtoto au kumkinga. "Asiye mtu" anakuwa mshitakiwa. Na "mwenye akili kuliko wote", ambalo ndilo jepesi kutafsiri kuliko yote, ndilo lenye maana ndogo kuliko yote. Tunapendekeza kwa wanafunzi wa tafsiri kwamba wajaribu sehemu sita hizo kama zoezi, kwanza kwa Kiswahili sanifu, kisha kwa Kiswahili cha miji yetu, na walinganishe matokeo. Watajifunza mengi juu ya lugha. Tena wataitazama kwa jicho jingine orodha ya majina wanayowaita wadogo zao nyumbani.